Kimo na Kina: Hofu ya Kuanguka na ya Maji Marefu Inatoka Wapi?

Kuna sentensi inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye majukwaa ya wahamasishaji: binadamu anazaliwa na hofu mbili tu, ya kuanguka na ya sauti kubwa, na nyingine zote amezikuta duniani. Chimbuko lake ni John B. Watson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza watoto wachanga huko Baltimore katika miaka ya 1910. Aliandika kwamba mtoto akipigiwa kelele ya ghafla, au akiondolewa ghafla kile kinachomshikilia, hushtuka, hukata pumzi na kulia. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Tatizo ni jina aliloyapa. Utafiti wa miaka 100 iliyofuata umeonyesha kwamba kushtuka kwa kichanga na ule ubaridi unaokupanda mgongoni ukiwa ukingoni mwa ghorofa ni mambo mawili tofauti. Umeonyesha pia kwamba hofu ya maji marefu, ambayo wengi huitia kapu moja na hofu ya kimo, ina njia yake yenyewe. Nimeona tuyatenganishe, maana kuyachanganya kuna gharama: watoto huanguka na huzama pale wakubwa wanapoamini kwamba woga wa asili utawalinda.

Kila aliyelea mtoto anaijua hali hii. Amelala mikononi mwako, unamlaza kitandani taratibu, kichwa kinashuka kidogo tu kuliko mwili, na mara mikono inatawanyika, vidole vinachanuka, kisha mikono inajikunja kifuani kama ya anayekumbatia kitu. Kilio kinafuata. Ndiyo maana bibi zetu humfunga mtoto kwenye khanga ili asijishtue usingizini. Daktari wa watoto Ernst Moro aliieleza hali hiyo mwaka 1918, na mpaka leo madaktari huipima kwa mtoto mpya, kwa sababu ikikosekana, au ikitokea upande mmoja tu, huenda kuna neva au mfupa ulioumia wakati wa kuzaliwa. Kwa kawaida hupotea mtoto akifikia miezi kati ya 3 na 6.

Kinachoiamsha ni sikio la ndani. Humo mna mirija mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kinapogeuka, na vijiwe vidogo mno vinavyohisi mwendo na uzito. Vikihisi kichwa kinadondoka, amri inakwenda kwenye misuli kabla fikra yoyote haijaingia. Wanasayansi wengi huona ni mabaki ya enzi ambapo mtoto aliyeng'ang'ania manyoya ya mamaye ndiye aliyepona, na mimi naona maelezo hayo yana mantiki. Lakini mchukue mtoto huyohuyo, umweke karibu na ukingo wa kitanda. Hana habari. Shimo lililo mbele yake halimwambii chochote, kwa kuwa mwili wake unahisi kuanguka kunapoanza tu. Hauoni kuanguka kunakokuja.

Shimo lililofunikwa kwa kioo

Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa saikolojia hulisoma. Walitengeneza meza pana ya kioo kinene. Upande mmoja kitambaa cha mirabamiraba kilibanwa moja kwa moja chini ya kioo, hivyo ukaonekana kama sakafu ya kawaida. Upande wa pili kitambaa hichohicho kilitandazwa chini kabisa sakafuni, hivyo jicho likaona shimo, ingawa kioo kilikuwa palepale na kingeweza kumbeba mtoto bila wasiwasi. Katikati palikuwa na ubao. Mtoto aliwekwa juu ya ubao, na mama akamwita, mara kutoka upande wa shimo, mara kutoka upande wa pili.

Watoto walikuwa 36, wa miezi 6 hadi 14. Waliokubali kuondoka kwenye ubao walikuwa 27, na wote hao walitambaa kwenda upande usio na shimo angalau mara moja. Waliothubutu kupita juu ya shimo walikuwa 3 tu. Wengine walilia, wanamwona mama ng'ambo na hawana njia ya kumfikia. Wengine waliinama wakakipigapiga kioo kwa kiganja, wakahisi kabisa kwamba ni kigumu, na bado wakakataa kupita. Hapo ndipo mtu anaposhangaa: mkono unasema pako salama, jicho linasema hapana, na mtoto analiamini jicho.

Wanyama nao walijaribiwa. Kifaranga ambaye hajamaliza siku moja tangu atoke kwenye yai hakukanyaga upande wa shimo, wala mwanambuzi na mwanakondoo wa siku moja. Vitabu vingi vikachukua matokeo hayo na kuandika kwamba hofu ya kimo ni ya kuzaliwa, mtu na mnyama. Gibson na Walk walikuwa waangalifu kuliko wanafunzi wao. Mwanambuzi husimama na kukimbia siku ileile anayozaliwa, lakini mtoto wa binadamu aliyeweza kujaribiwa alikuwa ameshaishi miezi kadhaa na ameshajua kutambaa. Jaribio lao halikuweza kusema alikuwa na nini kabla ya hapo, na wenyewe waliliandika hilo.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1970, mwanasaikolojia Joseph Campos na wenzake walipowachukua watoto wasioweza kutambaa, baadhi yao wa miezi miwili tu, wakawalaza kifudifudi juu ya upande wa shimo na kuwapima mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mwenye hofu huenda mbio. Wa watoto hao ulipungua kasi, kama unavyopungua mtu anapokazia macho kitu kinachomvutia. Waliona kuwa upande ule ni tofauti. Hawakuogopa.

Baadaye Campos na wenzake waligundua kwamba kinachotabiri kukwepa shimo ni muda ambao mtoto amekuwa akitambaa, zaidi ya umri wake. Aliyetambaa wiki nyingi hukwepa, na aliyeanza juzi huenda tu, hata kama wamezaliwa siku moja. Na uso wa mama una uzito wake. Katika jaribio la mwaka 1985 shimo lilifanywa fupi, la kutia shaka tu, na watoto wa mwaka mmoja wakasimama ukingoni wakimtazama mama. Mama alipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Yaani katika umri ule sehemu ya hofu ya mtoto bado iko usoni mwa mtu mwingine, na yeye anakwenda kuisoma hapo.

Anayejua kutambaa, hajui kutembea

Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye swali hili, na kwangu kazi yake ndiyo yenye uzito kuliko zote. Aliondoa kioo. Aliweka miteremko na vidato halisi, vya kupandishwa na kushushwa, na mtu wa kumdaka mtoto akiwa amesimama tayari pembeni. Katika jaribio moja alilofanya na Kari Kretch na kulichapisha mwaka 2013, kidato kiliweza kufikia sentimita 90. Watoto wa mwaka mmoja waliokuwa wazoefu wa kutambaa walifika ukingoni, wakatazama, wakagoma au wakageuka kushuka kinyumenyume. Watoto wa umri uleule waliokuwa ndio kwanza wanaanza kwenda tata walifika ukingoni na kukanyaga hewa. Wakadakwa. Wakarudishwa, wakakanyaga hewa tena. Watoto wa mwaka mmoja na nusu, waliokwisha kuuzoea mwendo wa miguu miwili, walijua pa kuishia.

Kwa Adolph, kwa hiyo, mtoto hajifunzi kwamba pembe ya kitanda ni hatari. Anajifunza mwili wake unaweza nini katika mkao alionao, na mkao ukibadilika anaanza upya, kwa sababu uzito umehama, macho yamepanda juu, na usawa unashikiliwa na misuli mingine. Si wote wanaokubali kwamba elimu ya kutambaa hupotea yote. Carolina Burnay, mtafiti Mreno, amepata dalili kwamba aliyetambaa muda mrefu huingia kwenye kutembea akiwa na tahadhari zaidi. Mjadala huo bado uko hai. Wasilobishania ni kwamba tahadhari hujengwa kwa mwendo wa mtoto mwenyewe.

Adolph anaongeza jambo ambalo wengi hulipita. Watoto wake wanaokataa kushuka mara nyingi hawana dalili za woga. Hawalii, hawakimbilii mama. Wanaketi, wanajaribu kwa mguu, wanajiburuza kwa matako, wanatabasamu. Kukwepa hatari ni jambo moja, kuogopa ni jingine, na la kwanza hutangulia.

Basi hofu ya wakubwa imetoka wapi?

Maelezo ya haraka ni kwamba mtu aliwahi kuanguka, akaumia, akaogopa. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia tangu utotoni watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Richie Poulton na Ross Menzies waliangalia nani aliumia vibaya kwa kuanguka kabla ya miaka 9, na nani alikuwa na hofu ya kimo akiwa na miaka 18. Uhusiano waliotarajia wengi haukuwapo. Kwa walioumia kati ya miaka 5 na 9 ulikuwa hata kinyume: kuanguka kwa aina hiyo kulionekana zaidi miongoni mwa vijana *wasio* na hofu. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Mtoto asiyeogopa ndiye anayepanda mwembe mpaka tawi la mwisho, na ndiye anayevunjika mkono, na akipona anapanda tena.

Menzies alihitimisha kwamba baadhi ya hofu hazihitaji somo la maumivu. Ziko tayari ndani ya ukoo wetu, na maisha huzituliza kwa wengi wetu kwa kuzoea. Hilo linaonekana kugongana na Adolph, lakini sidhani kama yanagongana. Tunazaliwa na mwili ulio tayari kulijifunza somo hili haraka kuliko masomo mengine, na jicho na sikio lililokwisha kufungwa pamoja kwa kazi ya kulinda usawa. Somo lenyewe huja na kutambaa. Hofu kamili, ile yenye jasho viganjani, hukaa juu ya vitu hivyo viwili, kwa kiasi kinachotofautiana mno kati ya mtu na mtu.

Na ukoo wetu ulikuwa na sababu nzito za kuandaa somo hilo. Gombe, Kigoma, mwezi wa Novemba 1968, dume mmoja wa sokwe mtu aliyepewa jina la Rix alianguka kutoka mtini akavunjika shingo na kufa mbele ya wenzake. Mtafiti Geza Teleki alieleza jinsi kundi zima lilivyolipuka kwa makelele na kutupatupa mawe, kisha wengine wakabaki wakiutazama mwili kwa muda mrefu. Mnyama huyo alikuwa bingwa wa miti, na mti ulimuua. Mwanaanthropolojia Adolph Schultz (si Karen Adolph wa hapo juu), alipopima mifupa ya giboni wa Asia, nyani hodari wa kurukaruka kuliko wote, alikuta takriban theluthi moja wana mifupa iliyowahi kuvunjika na kuunga. Hata Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, na aliyeishi zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, huenda alikufa hivyo: mwaka 2016 John Kappelman wa Chuo Kikuu cha Texas alidai kwamba nyufa za mifupa yake zinafanana na za mtu aliyedondoka kutoka juu sana. Donald Johanson, aliyemgundua mwaka 1974, hakukubali, akasema mifupa mingi ya kale hupasuka vivyo hivyo ardhini.

Yanayotokea ukingoni

Thomas Brandt na wenzake wa Munich, Ujerumani, walieleza sehemu ya siri ya kizunguzungu cha juu kwa hoja rahisi. Mtu aliyesimama hatulii kamwe. Mwili huyumba mbele na nyuma kidogo sana muda wote, na ubongo hurekebisha. Hurekebisha kwa kuuliza vyombo vitatu: sikio la ndani, nyayo na misuli, na macho. Macho hupima kuyumba kwa kuangalia vitu vya karibu vinavyosogea kidogo unapoyumba, kama ukuta, mti au kiti. Ukiwa juu ya paa na kitu cha karibu kabisa kiko mita 30 chini, kuyumba kwako hakuonekani tena. Macho yanasema umetulia, nyayo zinasema unayumba. Mwili unaongeza kuyumba mpaka jicho lione, na hapo ndipo unahisi kama unavutwa.

Kwa hiyo anayeshikwa na hali hiyo asidharauliwe kuwa mwoga. Usawa wake umepungua kweli. Anakakamaza miguu na shingo, anagandisha macho kwenye upeo wa mbali, na vyote viwili humzidishia kuyumba. Madaktari wa Munich walipowahoji watu wazima zaidi ya 3,500 nchini Ujerumani, asilimia 28 walisema wamewahi kuwa na hali hiyo, wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume. Ushauri wao unafanyika hata kwenye ngazi ya mnara wa simu: shika kitu, egemea au keti, tazama kitu kilichotulia kilicho karibu yako, na usitazame mawingu yanayotembea wala magari yanayopita chini.

Inaeleza pia kwa nini mtu anayeshindwa kukaribia ukuta mfupi wa barazani ghorofa ya 4 anaweza kupanda ndege Dar es Salaam na kulala mpaka Doha. Ndani ya ndege ameketi, amefungwa mkanda, ana kiti mbele ya macho yake, na ardhi haionekani ikiungana na miguu yake. Kimo ni kikubwa mara elfu, ila usawa wake haujaulizwa swali lolote.

Wengi wana siri nyingine wanayoiona aibu kuitaja: wakiwa juu, wazo la kuruka hupita kichwani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwauliza wanafunzi 431, na zaidi ya nusu ya wale ambao hawajawahi kufikiria kujiua walisema limewahi kuwapita. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mwili hurudi nyuma kwa ghafla kwa kujilinda, kisha akili inayochelewa hutafuta sababu na kusema, "Kumbe nilitaka kuruka." Ni tofauti kabisa na mtu anayeishi na mawazo ya kufa siku zote, huyo anahitaji kusikilizwa na kupata msaada, wala asiachwe peke yake.

Maji hayana ukingo

Ukija kwenye maji, vyombo vyote vilivyokulinda juu ya paa vinapoteza kazi. Uso wa ziwa ni tambarare. Jicho linaona sakafu inayong'aa, na halioni mahali panapoishia.

Ukoo wetu haukuandaliwa kwa maji kama ulivyoandaliwa kwa miti. Sokwe mtu kwa kawaida hawaogelei, na binadamu tumelitumia hilo. Kisiwa cha Ngamba, Uganda, kimekuwa hifadhi ya sokwe yatima tangu mwaka 1998, na uzio wake mkuu ni Ziwa Victoria lenyewe. Kisiwa cha Rubondo upande wa Tanzania kilipelekewa sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, na vizazi vyao wako hapo mpaka leo, wamezungukwa na maji. Hata hivyo mwaka 2013 watafiti Renato na Nicole Bender walionyesha picha za sokwe mtu mmoja na orangutani mmoja, wote wamelelewa na watu Marekani, wakiogelea na kupiga mbizi macho wazi. Wangeweza basi, wakifundishwa. Nasi ndivyo tulivyo: hakuna binadamu anayezaliwa akijua kuogelea, na hakuna asiyeweza kufundishwa.

Hapa kuna uzushi wa hatari. Kichanga akizamishwa hushika pumzi, moyo hupungua kasi, mikono na miguu hupiga maji. Watu wakiona video hizo husema mtoto amezaliwa mwogeleaji. Huo ni mwitiko wa mwili kama ule wa Moro, na hufifia miezi inavyokwenda. Hawezi kuinua kichwa kuvuta pumzi, na maji humwingia.

Burnay, yule mtafiti Mreno, na mwenzake Rita Cordovil walichukua wazo la Gibson wakaliweka kwenye maji: ukingo mkavu, kisha upande mmoja shimo tupu, upande mwingine maji ya kina. Matokeo ya mwaka 2016 yalikuwa ya kutia moyo kwa kiasi. Watoto waliotambaa kwa muda mrefu zaidi walikwepa shimo na walikwepa maji. Kisha Burnay, akiwa Chuo Kikuu cha Otago huko Dunedin, alibadili jambo moja: badala ya ukingo wa ghafla, aliweka mteremko unaoingia majini polepole. Ulinzi ukavunjika. Watoto wengi zaidi waliendelea mpaka kwenye kina, na uzoefu wa kutambaa au kutembea haukuwasaidia. Kila hatua ilikuwa salama kama iliyotangulia, na hakuna hatua iliyowaambia basi.

Sasa fikiria fukwe zetu. Fikiria mchanga wa Bagamoyo maji yakiwa yametoka, mialo ya ziwani, kingo za malambo ya mifugo, mashimo ya machimbo yaliyojaa maji ya masika. Karibu yote ni miteremko.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Kuanguka huua zaidi, watu wapatao 684,000 kwa mwaka kwa makadirio ya shirika hilo, lakini hao wengi ni wazee, ambao usawa wao umechoka. Kwa mtoto mdogo maji si lazima yawe marefu. Ndoo iliyoachwa bafuni, pipa la kukingia mvua, beseni la kufulia, vyote vinatosha, kwa kuwa akitumbukia kichwa kwanza hana nguvu ya kujiinua.

Hofu ya mtu mzima nayo hupotosha, kwa upande mwingine. Juu ya paa, hofu inafuata hatari kwa ukaribu: mita 10 ni mbaya kuliko mita 2. Majini kipimo hicho hakifai. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, Ziwa Victoria halizidi sana mita 80, lakini anayeelea huelea sawasawa katika yote mawili, na asiyejua kuelea huzama penye kina kinachompita kimo kidogo tu. Weusi ule wa chini unaomtia mtu kiwewe hauna nguvu ya kumvuta. Kinachoua ni mkondo, wimbi, baridi, uchovu, pombe na chombo kilichojaa kupita kiasi, na mengi ya hayo hayaonekani kwa kutazama kina. Ndiyo sababu mvuvi mzoefu asiyejua kuogelea hupanda mtumbwi kila usiku bila jaketi, huku mtalii akitetemeka juu ya matumbawe ilhali amevaa kila kinga.

Je, anayeogopa maji alipatwa na nini? Menzies na Clarke walipowauliza wazazi wa watoto 50 wenye hofu kali ya maji, katika utafiti wa mwaka 1993, zaidi ya nusu walisema mtoto aliogopa tangu mara ya kwanza alipoguswa na maji. Waliotaja ajali halisi ya mtoto kuwa chanzo walikuwa karibu hakuna. Kule Dunedin vilevile, ajali za majini za utotoni hazikutabiri nani angeogopa maji akiwa na miaka 18. Kwetu naongeza jambo ambalo takwimu za Dunedin haziwezi kulibeba. Mtoto aliyekulia Mwanza baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, au Unguja na Pemba baada ya Spice Islander mwezi Septemba 2011, au Ukara baada ya MV Nyerere kupinduka ikiwa inakaribia gati tarehe 20 Septemba 2018, hakuhitaji kuguswa na maji. Hofu aliisoma nyumbani, kwenye nyuso za waliokwenda kutambua maiti. Hofu hiyo ni ya haki, na si ya kukejeliwa.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kuzama, kwa kuwa kinaokoa. Frank Pia, mwokoaji wa ufukweni New York, alipiga picha za sinema za watu waliokuwa wakizama kweli, na katika miaka ya 1970 akaeleza alichokiona. Hawapigi kelele, kwa sababu mdomo unapanda juu ya maji kwa muda unaotosha pumzi tu. Hawapungi mkono, kwa sababu mikono imepanuka pembeni inakandamiza maji. Wamesimama wima, miguu haifanyi kazi, na hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60. Wahenga waliosema mfa maji hukamata maji walikuwa wametazama vizuri. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele majini na sasa yuko kimya ndiye wa kukimbilia, na kwa wadogo mlezi anapaswa kuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa mkono.

Kwa mtu mzima, hofu zote mbili hutibika, na kwa njia moja: kukutana nazo kidogokidogo, kwa hiari, na kubaki hapo mpaka mwili utulie wenyewe. Mwaka 2018 Daniel Freeman wa Oxford aliwagawa watu 100 wenye hofu ya kimo. Karibu nusu walivaa miwani ya uhalisia pepe na kupandishwa ghorofa za kompyuta, kwa wastani wa saa mbili hivi kwa jumla. Hofu yao ilipungua kwa wastani wa asilimia 68. Kwenye maji hakuna haja ya miwani. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana na wanawake wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na wakufunzi huanza kwenye maji ya kiunoni. Kwanza uso majini na kupuliza mapovu. Kisha kuelea chali, masikio yakiwa ndani ya maji, kifua kimejaa hewa, mkono wa mwalimu uko chini ya mgongo. Mapigo ya mikono na miguu huja baadaye kabisa, mwanafunzi akishaweza kulala juu ya maji mkono wa mwalimu ukiwa umeondolewa.